Katikati ya Rundo la Keshokutwa

6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanakuruhusu kupanda ngazi za kwa binamu yangu bila kusimama katikati na kusingizia kwamba unaangalia barabara. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, na anauliza kama sweta alilokufumia linakutosha. Nimemjibu kwamba unalivaa kila siku, kwa hiyo tafadhali usiniumbue. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa ufundi wa umeme, na tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuwasha taa bila kupewa mawaidha kwanza.

Karakana iko kama ulivyoiacha. Tuko tisa. Msumeno bado anaongea kwa sauti ya kushindana na mashine hata mashine ikizimwa. Bi Gundi bado anakagua mikono ya kila mtu kabla hajagusa kazi iliyopakwa rangi. Kimya amesema maneno manne wiki hii, na mawili yalikuwa "naomba randa". Kiti chako nimekikalia siku mbili nikakiacha. Kina mguu mmoja mfupi, na nimeanza kuelewa kwa nini ulikuwa hutulii ofisini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mkuu wa shule iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto amekuja mwenyewe. Anataka madawati mia mbili kabla ya muhula wa Septemba. Hatujawahi kupewa kazi ya ukubwa huo, Mjomba. Nina miezi minne tu kwenye nafasi yako, na bado kuna watu wanaoingia na kuniuliza "fundi mkuu yuko wapi?" nikiwa nimesimama mbele yao. Naitaka kazi hii mpaka naiota.

Tatizo ni mbao. Rundo la Leo linatosha madawati sabini tu. Siku yangu ya kwanza ulinipeleka banda la nyuma ukanionyesha marundo matatu, Leo, Kesho na Keshokutwa. Ukaniambia mbao nene zinataka miaka miwili ya hewa ndipo zitulie, kwa hiyo tunakula Leo peke yake. Mwaka ukiisha Kesho linachukua jina la Leo, Keshokutwa linakuwa Kesho, na sisi tunapanga Keshokutwa jipya. Nauliza kwa heshima: nikilifungua Kesho safari hii, na nikichota kidogo kwenye Keshokutwa, nitakuwa nimefanya dhambi gani?

Mkuu wa shule anataka jibu mwanzoni mwa Mei. Niandikie.

Mpwa wako


27 Februari

Mpwa wangu, Mkuu wa Karakana,

Marahaba. Sweta linanitosha sana. Tungeweza kulivaa mimi, binamu yako na jirani kwa wakati mmoja. Hayo usimpelekee mama yako. Mpe mdogo wako hongera zangu na mwambie kwangu taa atawasha yeye, mimi nitakaa tu.

Huku nimepewa kazi tatu: kupokea mkate asubuhi, kumwagilia maua ya barazani, na kutogusa kitu kingine chochote. Hiyo ya tatu imekuja baada ya mimi kutengeneza meza ya jikoni ambayo haikuwa imeharibika. Sasa inayumba. Binamu yako ameweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wake, na wakati wa chakula haongei sana. Mjukuu ameota meno mawili, na yote mawili ameshayajaribu kwenye futi yangu ya mbao.

Nimefurahi kuhusu shule. Watu wanaoniulizia waambie nimekufa, watakuzoea upesi.

Lakini mbao ambazo hazijatulia zitapinda, na wewe unajua. Mtoto ataweka kalamu juu ya dawati, kalamu itashuka mpaka mlangoni. Halafu kuna yule fundi atakayelihitaji rundo hilo mwakani na mwaka ule mwingine. Pengine hata hajaajiriwa. Hawezi kuja kukuomba umbakizie, ndiyo maana sisi tuliopo tunamsemea. Hilo nimewaambia watu kila mwaka tangu karakana ilipofunguliwa, na wewe nimekuambia mara nyingi kuliko wote.

Kwa hiyo Kesho usiliguse. Keshokutwa usiliguse kabisa. Usiliegemee, usilihesabu, wala usimruhusu mtu akae juu yake akila. Nimelipanga mwenyewe kwa namna yake, na asiyelijua anaweza kuliangusha.

Nisalimie wote, Kimya msalimie kwa ishara.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amefurahi kuhusu sweta na ameanza kukufumia la pili. Nisamehe. Huku hatujambo, isipokuwa Bi Gundi aliumwa jino na akakataa kwenda kung'olewa mpaka kabati la mteja likauke. Lilikauka Alhamisi, jino likang'oka Ijumaa.

Paka wa karakana alipotea siku tatu. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, na Msumeno alidhani amehama kwa ajili ya kelele, kelele za watu wengine. Jumamosi asubuhi nilirudi peke yangu kuchukua mwavuli nikasikia vilio vidogo ndani ya Keshokutwa.

Nilikumbuka onyo lako, Mjomba. Sikuliegemea. Nilitaka tu kuvuta ubao mmoja wa mbele nimpe mzazi maji. Ubao wa urefu ule unataka watu wawili, kwa hiyo nilikaza miguu nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na nikaanguka chali. Ulikuwa na urefu wa mkono wangu. Nikavuta wa pili, mfupi vile vile. Nikazunguka nyuma ya rundo, na huko nako vipande vifupi vimepangwa vizuri kabisa, ncha kwa ncha. Nikaingiza mkono mpaka begani nikapapasa. Nilipata paka mmoja, watoto wanne, na nafasi kubwa isiyo na mbao.

Nimevirudisha vipande vyote kama nilivyovikuta. Sijamwambia mtu. Nieleze.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia paka amejifungua salama. Wanne si haba kwa umri wake. Ni wa rangi gani?

Huku mvua imeanza. Maua mawili ya barazani yamekufa, nadhani kwa kumwagiliwa kupita kiasi na mtu asiye na kazi nyingine. Binamu yako anapata likizo mwezi ujao. Mjukuu sasa anasimama kwa kushika meza, na kwa kuwa meza inayumba, anajifunza kwa shida.

Kuhusu madawati, hakikisheni miguu inapigwa msasa hata upande wa ndani. Watoto huchana sare hapo na lawama anapewa fundi.

Karatasi imeniishia, kwa hiyo naishia hapa.

Mjomba wako


18 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Weusi watatu, mmoja wa madoadoa. Mama hajambo. Sweta limefika mabegani.

Karatasi uliyosema imekuishia ilikuwa na nusu ukurasa mweupe. Nimeigeuza, nimeiangalia kwenye mwanga, hakuna kitu. Barua yako nzima imeongea kuhusu kila kilichokuwa ndani ya rundo isipokuwa kile nilichokuuliza.

Nitasema wazi kwa sababu nakupenda na kwa sababu nimekasirika. Natakiwa kuijibu shule tarehe tano Mei. Siwezi kuahidi kazi ya mwaka huu wala ya mwakani kama sijui tuna mbao ngapi. Kuna watu wanane hapa wanaopanga maisha yao juu ya marundo yale. Kimya ana mapacha shuleni, Msumeno ameanza kujenga. Wakiingia banda la nyuma wanaona Keshokutwa limejaa, wanarudi kazini wametulia. Mimi tangu siku ile ya paka siwezi kuwaangalia usoni. Msumeno akinisalimia naitikia nikiwa nachungulia dirishani.

Tarehe tatu Mei nitawaita wote na kulifungua mbele yao. Kama una neno la kuniambia kabla ya hapo, niandikie upesi.

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na nisamehe. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba barua yako ilipelekwa kwa jirani kimakosa ikakaa huko. Nimeikata sentensi hiyo. Barua ilifika tarehe ishirini na sita Aprili nikaiweka chini ya mto, nikawa nasubiri tarehe tatu ipite kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Imepita, na mimi bado sijatulia. Labda ulisita. Kama ulisita, soma haya kabla ya kufanya lolote. Kama hukusita, yasome vile vile.

Miaka saba iliyopita kazi zilikatika. Miezi mitano hatukupata oda hata moja. Wewe ulikuwa bado chuoni. Ilitakiwa niwarudishe watu wanne nyumbani. Bi Gundi alikuwa amefiwa na mume mwezi ule, na mapacha wa Kimya hawakuwa na siku arobaini. Sikuweza. Nikawatangazia kwamba tumepata oda ya vitanda kutoka mbali. Hakukuwa na oda. Nilichota mbao hamsini kutoka Keshokutwa siku ya mapumziko, nikaziweka mlangoni kama mzigo uliofika asubuhi, tukatengeneza vitanda, na wanunuzi nikawatafuta mmoja mmoja kwa miguu. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Vitanda vile mpaka leo vinalia, na walio navyo wanalaumu magodoro.

Hilo sijutii. Ninachojutia ni kilichofuata. Mimi niliyekuwa nawahubiria kila mwaka niliona aibu. Nikakata vipande vifupi nikaziba mbele na nyuma, nikasema mwakani nitalijaza. Mwakani ikafika, Keshokutwa likawa Kesho, na pengo linazidi kusogea karibu. Nikachukua mbao za Keshokutwa jipya nikajaza Kesho, na pengo likabaki nyuma. Mwaka uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata pia. Mbao zilizohamishwa zilikuwa hazijakauka sawasawa, nikawa nasema ziwekwe migongoni mwa makabati, ambako hakuna anayeangalia. Miaka saba, peke yangu, na siku ya kukukabidhi funguo nilikuangalia ukicheka nikashindwa kusema.

Sasa nakuomba kitu, nami ni kaka wa mama yako. Usiwaambie. Jaza polepole, mbao chache kila mwaka, nitakufundisha namna ya kupanga. Kiongozi hofu anaila mwenyewe, hawagawii watu wake. Na sitaki wanikumbuke hivyo.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya siku nilizokukasirikia. Nyumbani wote wazima, na sweta la pili mama amelituma pamoja na barua hii. Watoto wa paka wamegawiwa, wa madoadoa amechukuliwa na Kimya.

Barua yako imefika jana. Nimechelewa kukutii. Tarehe tatu Mei saa mbili asubuhi niliwaita wote wanane banda la nyuma.

Nilikuwa nimeandaa maneno, yakaniruka. Nikavuta kipande cha kwanza nikakiinua wakione. Nilitegemea kelele. Msumeno aliangalia viatu vyake. Bi Gundi ndiye aliyeongea.

"Hicho kipande nakijua," alisema. "Kina fundo pembeni."

"Unakijua vipi, Bi Gundi?"

"Mwaka wa kwanza kabisa nilirudi siku ya mapumziko kuchukua kitambaa changu. Nikamkuta fundi mkuu anapanga, jasho linamtoka, amenipa mgongo. Nikasema mwache mtu na heshima yake. Nikajiendea zangu."

"Kumbe," alisema Msumeno, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Mimi nilidhani najua peke yangu. Si alivikata kwenye mashine yangu? Asubuhi nilikuta unga wa mbao wa kujaza ndoo, na mimi nilikuwa nimefagia."

Basi wakaanza mmoja mmoja. Kati ya wanane, sita walikuwa wanajua, na kila mmoja alidhani ni siri yake na wewe, ila wewe hujui kama anajua. Wawili ambao hawakujua wamenuna mpaka leo, wanasema karakana hii ina ubaguzi.

Tukalishusha rundo lote, tukahesabu. Na hapa, Mjomba, kaa chini kama umesimama. Wewe umeandika mbao hamsini. Zilizopungua ni ishirini na mbili.

Siku ile tulikuta katikati mbao zisizo za mzigo wetu, nikawauliza zimetoka wapi. Walitazamana kama watoto waliokutwa kabatini. Msumeno akasema amekuwa akipata madirisha manane kwenye mbao za madirisha saba, na ubao unaosalia alikuwa akiuchomeka ndani ya Keshokutwa wakati wewe umeenda kula. Bi Gundi aliokoa nyingine kwenye makreti ya majokofu, yale mafremu ya mbao ya mzigo ambayo wenye maduka hutupa, akichagua zilizo nene na ndefu. Kimya aliulizwa, akasema neno moja.

"Sita."

Baadaye alifafanua, na ilikuwa hotuba: kaka yake alikata mti uani, naye akazileta zile mbao kwa baiskeli, moja moja. Wewe kila mwaka ulikuwa unajaza mpaka pamejaa kisha unakimbia kabla hujaonekana, hukuwahi kuhesabu tena. Pengo lilikuwa linapungua mkononi mwako na wewe hujui.

Nilikaa juu ya vile vipande nikalia mbele ya wafanyakazi wangu wote. Bi Gundi alinikagua mikono kwanza ndipo akanipa kitambaa. Halafu nikakasirika, nikawaambia hivi, nawe nakuambia: mmelibeba pengo hili watu saba, kila mmoja kwenye kona yake, kwa miaka saba. Mngelisema siku moja tu, lingejaa kwa miaka miwili. Mwaka ule mgumu wewe uliwaokoa, na wanajua ulivyowaokoa, wamejua siku zote. Hukuhitaji kuwaficha. Hofu uliyokula peke yako, kila mmoja wao alikuwa anaila kwenye sahani yake.

Kwa hiyo kuanzia mwezi ule mambo ni haya. Kila mwezi watu wawili wanafungua marundo yote matatu na kuhesabu mpaka katikati, na idadi inaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda, hata kama ni mbaya. Sasa hivi mlango umeandikwa ISHIRINI NA MBILI ZIMEPUNGUA, herufi za kusomeka kutoka barabarani. Na ufunguo wa banda haukai kwangu. Kila mwezi unashikwa na mtu mwingine, na mwenye ufunguo ndiye anayeongoza kikao cha asubuhi na kupanga kazi. Nataka siku nikiondoka, au nikiugua, au nikikosea, pawe na watu wanane wanaojua kila kitu ninachokijua. Tulianza na Kimya. Kikao kilichukua dakika mbili, na wamemwomba aongeze mwezi.

Shule nilikwenda na Msumeno. Nilimwambia mkuu wa shule ukweli: madawati sabini ninayo, mia na thelathini sina, na siwezi kuyatoa kwenye mbao za mafundi wa miaka ijayo. Nilijua nimeipoteza kazi. Akatupeleka nyuma ya madarasa kutuonyesha mahali madawati mapya yangeshushwa. Palikuwa na mlima wa madawati yaliyovunjika. Msumeno akagonga moja kwa kidole, akagonga la pili, akalipanda lile la juu na viatu vyake. Mbao zile zina miaka thelathini, Mjomba, zimekauka kuliko chochote tulichowahi kukausha. Kilichovunjika ni miguu na viungio tu. Tumekubaliana: mia na thelathini tunayafufua, sabini mapya kutoka Leo. Tumeshamaliza arobaini. Kesho na Keshokutwa hayajaguswa.

Uliandika hutaki wakukumbuke hivyo. Nimewasomea barua yako, nisamehe kwa hilo pia. Bi Gundi alisema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie aache ujinga, aje." Wiki ya kwanza ya Agosti mzigo wa mbao mbichi unafika, na tunapanga Keshokutwa jipya, lililojaa, pamoja na zile ishirini na mbili. Mwezi huo ufunguo utakuwa kwa Bi Gundi. Kazi inaanza saa moja na nusu, na wanaochelewa anawafanya waoshe brashi.

Mpwa wako anayekungoja


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote hapa hawajambo. Binamu yako ameniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikamwambia ni vumbi la mbao. Alitazama sebule nzima, hakuona mbao, akaniletea chai bila kuuliza tena.

Barua yako nimeisoma mara tano. Ile sehemu ya Kimya na baiskeli sijaweza kuisoma kwa sauti. Miaka yote ile nilikuwa nikiingia karakana asubuhi nawaonea huruma kwamba hawajui, na wao walikuwa wananionea huruma mimi. Nimeona aibu tena, lakini hii ni aibu nyepesi, mtu anaweza kutembea nayo.

Wewe umefanya nilichoshindwa kwa miaka saba, na umekifanya kwa asubuhi moja. Mimi nilijua kutunza mbao. Kutunza watu wajue kuzitunza bila mimi, hilo umenifundisha wewe, na sioni haya kuliandika.

Nakuja. Tiketi ni ya tarehe thelathini Julai. Masweta yote mawili nitayavaa mpaka mlangoni kwa mama yako.

Nina ombi moja, mfikishie Bi Gundi kwa kuwa ufunguo utakuwa wake. Mbele na nyuma ya rundo, panapoonekana, wapange wengine. Mimi anipe katikati.

Mjomba wako